Tende ya Ijumaa

1

Hakuna aliyeijua sheria ya siwa, baragumu la enzi, kuliko Mwanakombo, kwa kuwa yeye ndiye aliyewekwa kuilinda. Mdomo usio wa enzi haugusi siwa. Anayeigusa hutolewa nje ya kuba bila kofia ya hewa, na huko nje, katika baridi kali ya Mirihi, mtu hapati hata nafasi ya kujuta. Watoto wa mji wa Fungu Jekundu waliijua sheria hiyo kabla hawajajua kuhesabu.

Lakini fundi ni fundi. Asubuhi ya Siku ya Siwa, siwa ikiwa bado chumbani mwake na zikiwa zimebaki saa tatu sherehe ianze, vumbi jekundu lilikuwa limekwama ndani ya tundu lake la ubavuni. Brashi haikufika. Pampu ya kusafishia ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Mwanakombo alikuwa na miaka arobaini na moja, na zaidi ya ishirini ameitumia kupuliza vumbi katika matundu ya kila aina. Mazoea yana tabu. Akainama, akaweka mdomo, akapuliza. Fuu!

Siwa ikalia.

Ililia kwa sauti nene iliyomtetemesha meno, na juu ya tundu ikawaka taa ya kijani ambayo tangu awe fundi alikuwa ameiona mara mbili tu, mara zote mbili mdomo ukiwa wa marehemu Malkia Tufaha. Chini ya sakafu Mapafu yakaguna, tayari kusikiliza amri.

"Mama yangu!" alisema, akaruka nyuma na kuangusha ndoo.

Akasubiri walinzi waingie. Hawakuingia. Nje walidhani fundi anafanya majaribio yake, na kwa kweli hawakukosea sana.

Mapafu ndiyo mitambo iliyotengeneza hewa ya mji mzima. Bi Mwanatumu, mwanamke aliyeuasisi mji huu na ambaye hakuwahi kumwamini mtu, aliifunga mitambo hiyo kwa kufuli la pumzi. Kila baada ya miaka kumi, na siku ya arobaini kila mtawala anapofariki, mwenye enzi sharti apulize siwa na akubaliwe kabla jua halijapita utosini. Asipopatikana, Mapafu hujifunga siku saba, na hewa iliyobaki ndani ya makuba inatosha siku tatu. Bi Mwanatumu alitaka adui asiuteke mji bila ukoo wake. Kwamba siku moja ukoo wenyewe ungegombana, hilo halikumpitia akilini. Waasisi wengi ndivyo walivyo, wanajenga ukuta mrefu kisha wanasahau kwamba wajukuu watakuwa ndani.

Na wajukuu sasa walikuwa wanagombana. Malkia Tufaha alikuwa amefariki siku arobaini zilizopita. Bintiye, Salha, alikalia kiti. Binamu yake, Fumo Athmani, alikitaka. Sheria iliruhusu kila mtu wa nyumba ya enzi apulize, kwa hiyo leo wangepuliza wote wawili.

Mwanakombo aliegemea ukuta, moyo ukimwenda mbio. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la aibu. Marehemu mama yake alikuwa mfua nguo wa ikulu. Mfua nguo huingia vyumba vyote. "Mama," alinong'ona, "umenificha nini?"

Kisha akacheka mwenyewe. Alikuwa na pua ya baba yake, masikio ya baba yake, na ubishi wa baba yake. Kama kuna aliyedanganywa hapa, si baba.

Akafanya jambo ambalo mafundi waliomtangulia hawakuona haja ya kulifanya. Wao walitazama taa: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, kazi imekwisha. Yeye alifungua kifuniko cha kitambuzi, akaunganisha kioo chake cha mkononi, akasoma sababu. Yalikuwa maandishi ya mafundi wa meli ya kwanza, watu wa maneno machache. Waliandika kwamba kufuli halisomi damu, kwani damu huweza kuibwa kwa sindano. Linatafuta kidudu kimoja kidogo kisichoonekana kwa macho, kilichoumbwa maabara na kupandwa katika kinywa cha Bi Mwanatumu. Kidudu hicho hushika mizizi katika kinywa kichanga tu, kisicho na meno. Wa kwanza kuingia ndiye mwenye nyumba. Kinywa kikishapata wapangaji wengine, hakina chumba tena. Mtawala atamrithisha mrithi wake, yalimaliza maandishi, kwa desturi yetu ya tende.

Mwanakombo akaketi juu ya ndoo.

Desturi ya tende! Kila mtoto wa Fungu Jekundu aliijua ladha yake bila kuikumbuka. Mtoto akizaliwa, mtu anayeheshimiwa hutafuna tende, huilainisha, kisha kwa ncha ya kidole humpaka mtoto kwenye kaakaa, ili kitu cha kwanza anachoonja duniani kiwe kitamu. Watawala wa zamani waliwapaka watoto wao tu. Malkia Tufaha hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na moyo mkubwa na mitende mingi, na kila Ijumaa baada ya sala alikaa kibarazani pa ikulu, foleni ikawa ndefu hadi sokoni, akawapaka watoto wa wachimbaji, wa wauza mbaazi, wa msikitini na wa Wanapumzi wanaoiomba siwa, bila kuuliza. Alifanya hivyo miaka arobaini na mitatu. Mama yake Mwanakombo hakuchoka kumsimulia: "Wewe ulimnyonya Malkia kidole, akacheka mpaka kilemba kikamvuka."

Kwa hiyo kufuli la mji lilikuwa na funguo kwa maelfu, na kila mmoja alitembea na wake kinywani bila kujua. Mwanakombo alisikia furaha ya ajabu ikimpanda, ile furaha ya fundi aliyekamata kosa la miaka mingi.

Furaha hiyo haikudumu, maana alimkumbuka Salha.

Mji wote ulijua jinsi Salha alivyozaliwa. Ilikuwa wakati wa tufani kubwa ya vumbi, mama yake amepoteza damu nyingi na amelala siku tatu hajitambui. Mtoto akapakwa tende na imamu kijana aliyekuwa na zamu ya kuwaombea wagonjwa. Imamu huyo sasa ndiye Shehe Haruni, mkuu wa Mtaa wa Msikiti. Watu waliipenda hadithi hiyo. Na Fumo Athmani naye alikuwa na yake, aliyoirudia kila karamu, kwamba shangazi yake Malkia alimpaka yeye kabla ya mtoto mwingine yeyote wa nyumba ile.

Athmani atakubaliwa, na Salha atakataliwa.

2

Salha alikuwa peke yake katika chumba cha kuvalia, amekaa kitako juu ya mkeka, taji pembeni, anakula embe kavu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Akiwa na hofu alikula.

"Da Kombo," alisema, "una uso wa mtu aliyekutana na jini."

"Bora jini, Mwana. Jini husomewa akaondoka."

Akamweleza yote, hata la kupuliza. Salha aliacha kutafuna. Alipofika kwenye tufani na imamu, msichana akashika taya lake mwenyewe kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta jino bovu.

"Kwa hiyo mimi si mtoto wa mama yangu?"

"Wewe ni mtoto wake, damu na nyama! Siwa haina habari na damu. Ni kufuli tu, Mwana."

"Kawaambie Wanapumzi kwamba ni kufuli tu, tuone kama utafika nyumbani."

Alisema kweli. Wanapumzi, nusu ya mji, waliamini roho ya Bi Mwanatumu inaishi ndani ya siwa na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayechagua. Watu wa Mtaa wa Msikiti waliona hiyo ni shirki ya wazi. Shehe Haruni alikuwa amewaambia watu wake wauwashe mtambo kama wanavyowasha jiko, wasiuombe. Vijana wake wakali walitaka zaidi, walitaka siwa ivunjwe. Na kwa siku arobaini Fumo Athmani alikuwa anazunguka mtaa kwa mtaa akiwaahidi Wanapumzi kwamba akikubaliwa atawafundisha adabu wanaomtukana Mwasisi. Alikuwa na jina zuri la adabu hiyo. Aliiita saumu ya pumzi: bomba la hewa la Mtaa wa Msikiti lifungwe siku moja, watubu.

"Siku moja," alisema Salha. "Mtaa ule una watu elfu sita waliosongamana, hewa yao haifiki jioni. Una hospitali ya wazazi. Nimemwambia, Athmani, watoto wachanga hawafungi saumu. Akaniambia Mwasisi atawachagua wake."

Mwanakombo akatoa mfukoni kichupa kidogo cha kioo chenye kifuniko cha mpira.

"Kuna tundu la majaribio nyuma ya kitambuzi," alisema. "Nimepuliza pumzi yangu humu. Wewe ukipuliza mbele, mimi nikikanyaga kidude mguuni, siwa itaipokea hii yangu badala ya yako. Taa itawaka kijani. Hatajua mtu."

Salha alikitazama kichupa kwa muda mrefu. Macho yake yalikitaka, jambo hilo lilionekana wazi.

"Na Athmani akipuliza?"

"Atakubaliwa naye."

"Basi kutakuwa na kijani mbili. Sheria inasema Mapafu yanamtii aliyekubaliwa wa mwisho, mpaka jua lipite utosini, na wa mwisho hapo ndiye anayeyashika miaka kumi. Tutakimbizana kwenye siwa kama kuku kwenye punje, na huku chini watu wanachinjana."

"Wewe utapuliza wa mwisho. Walinzi ni wako."

"Walinzi ni nusu kwa nusu, dada." Akainuka, akajipangusa mikono. "Sitakuamuru. Nikikuamuru, kila miaka kumi nitakuita na kichupa chako, na baada yako nimwite mwanao. Lakini pia sitakukataza. Kwa ajili ya wale wazazi kule hospitalini, siwezi kukukataza. Wewe ndiye fundi. Fanya utakaloona."

Kuna watu wakikuachia uamuzi ni kama wamekutukana, na Mwanakombo alitamani kumpiga kofi Malkia wake. Badala yake alimvika taji.

3

Saa tano na nusu Uwanja wa Siwa ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi za soko. Upande wa kulia walisimama Wanapumzi, wamevaa nyeupe, na mbele yao Bi Mwanaharusi, mama yao wa kiroho, kikongwe wa miaka tisini aliyebebwa kitini. Upande wa kushoto walisimama watu wa Mtaa wa Msikiti na Shehe Haruni, na nyuma yake vijana waliokunja mikono, spana zikiwachungulia mifukoni. Katikati palikuwa na mstari mwembamba wa walinzi ambao hawakutazamana.

Siwa ilikuwa imetolewa chumbani na kulazwa juu ya kitako chake cha mawe, shaba tupu, ndefu kuliko mtu, iliyofuliwa kutoka bomba la mafuta la meli ya kwanza. Mwanakombo alisimama nyuma yake. Kichupa kilikuwa ndani ya tundu. Kidude kilikuwa chini ya wayo wake wa kulia. Alijisikia hai kuliko siku nyingine yoyote.

Salha alipanda kwanza. Hakuwatazama Wanapumzi wala hakuwatazama watu wa msikitini. Alipopita alimtazama fundi, mara moja, kisha akainama na kuweka mdomo.

Kanyaga, Mwanakombo alijiambia. Kanyaga sasa. Akawaona kwa mawazo watoto wa hospitali. Akamwona pia binti yake mwenyewe, mwenye miaka kumi na minne, akirithi kichupa na kidude na uongo, akisimama hapa siku moja kuuamulia mji mzima kwa wayo. Na juu ya hayo aliona kitu ambacho asubuhi hofu ilimzuia kukiona. Kama funguo ni elfu, kuificha moja ndiyo makosa. Akainua mguu.

Salha akapuliza. Sauti ilitoka nyembamba, na taa ikawaka nyekundu.

Uwanja ulivuta pumzi kwa pamoja. Salha aligeuka. Alijua. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa wa mtoto aliyeachwa sokoni, na Mwanakombo aliumia mpaka kwenye mbavu. Lakini msichana hakukimbia. Alishuka hatua moja, akasimama pale pale ambapo kila mtu angemwona.

Fumo Athmani alipanda kwa madaha, mtu mrefu mwenye ndevu zilizotunzwa. Akapuliza. Siwa ikanguruma, kijani ikawaka, na upande wa kulia ukalipuka kwa vigelegele na nyimbo na kilio cha furaha. Watu walikumbatiana. Hata Mwanakombo, Mungu amsamehe, alisisimka na ule mngurumo.

Athmani hakusubiri vigelegele vikatike. "Mapafu!" alisema ndani ya siwa. "Fungeni bomba la Mtaa wa Msikiti."

Chini ya miguu yao kitu kizito kikajizungusha. Mbali, upande wa kushoto wa mji, mlio ambao watu walizaliwa nao na kufa nao, ule mlio wa feni, ukakoma. Wanawake wakapiga ukemi. Vijana wakachomoa spana. Mstari wa walinzi ukapinda.

Saa ya uwanja ilionyesha dakika kumi na saba kabla ya jua la utosini.

Mwanakombo alizunguka siwa kwa hatua tatu. Mlinzi mmoja alinyoosha mkono akachelewa. Mbele ya mji mzima, mbele ya sheria iliyoandikwa kwa herufi za shaba juu ya kichwa chake, fundi wa siwa aliweka mdomo wake kwenye tundu akapuliza kwa nguvu zote za kifua chake.

Kijani.

"Mapafu, fungueni!" alipiga kelele. Feni zikarudi.

Watu elfu ishirini walisahau kufunga midomo.

"Mchawi!" alisema Athmani. Akamsukuma, akapuliza. Kijani. "Fungeni!" Feni zikafa tena. "Mkamateni! Mtoeni nje ya kuba!"

Walinzi wawili walikuwa wamemshika mikono, lakini kipaza sauti chake cha kazi kilikuwa shingoni mwake, na mdomo hakuna aliyeuziba. "Nani hapa alipakwa tende ya Ijumaa?" alisema. "Nasema na nyinyi mliopakwa na Malkia Tufaha! Siwa haimjui Fumo, inaijua tende! Aliyempaka Fumo ndiye aliyenipaka mimi, mtoto wa mfua nguo! Njooni mpulize! Mna dakika kumi na tano!"

Hakuna aliyesogea. Mambo makubwa ndivyo yanavyoanza, kila mtu anamtazama mwenzake. Kisha mlinzi aliyemshika mkono wa kushoto, kijana mmoja mnene aitwaye Makame, Mwanapumzi wa kuzaliwa, aliyefunga kitambaa cha Athmani mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilipakwa. Mama ana picha."

"Basi nenda, mwanangu."

"Mke wangu yuko kule hospitali," alisema Makame, kama anayeomba radhi, akamwachia mkono. Athmani alikuwa amesimama mbele ya siwa. Makame alimsogeza kando kwa bega, taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyomsogeza mgeni mlangoni. Akapuliza. Kijani. "Fungueni," alisema, na alipozisikia feni akaanza kulia.

Hapo uwanja ukapasuka. Walipanda kutoka pande zote mbili. Alipanda muuza mbaazi, wakapanda mapacha wa kiwanda cha vioo, akapanda mwalimu wa chuo cha msikitini aliyesema bismillahi kwanza na kueleza kwa sauti kwamba anawasha mtambo tu. Kijani, kijani, kijani. Wapo waliopata nyekundu, wakashuka wakijicheka, maana hao walipakwa na bibi zao. Kijana mmoja alipanda na spana yake ya kuvunjia siwa, akaiweka chini ili apulize, akaisahau. Watu wa nyeupe na watu wa msikitini walikanyagana vidole kwenye ngazi, na kila kijani ilipowaka walipiga makofi wote, bila kuangalia aliyepuliza ni wa nani.

Athmani alijaribu kurudi. Akakuta migongo.

"Foleni, Fumo!" mwanamke mmoja alimpigia kelele. "Foleni!" Na neno hilo likashika uwanja mzima, watu wanacheka huku wanalia, foleni, foleni, mpaka mtu yule mrefu akakaa kwenye jiwe na kufunika uso. Wanapumzi kadhaa walimkimbilia Bi Mwanaharusi wakamlilia kwamba Mwasisi anadhihakiwa. Kikongwe akawatazama mmoja mmoja.

"Miaka yote mnamwomba achague," alisema. "Leo kachagua. Mbona mnanuna?"

Zilikuwa zimebaki dakika mbili mwanamke mmoja alipotokea upande wa kushoto akikimbia, vazi la kazi limelowa jasho, spana kubwa mkononi, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa Subira, fundi bomba wa Mtaa wa Msikiti. Feni zilipozima aliteremka shimoni na kuanza kufungua vali kwa mkono, mtoto akiwa mgongoni, na sasa alikuja kumtafuta aliyezima ili amweleze maneno mawili matatu. Watu walimpisha njia. Wakamweleza mambo juujuu, wote kwa pamoja.

"Nilipakwa, ndiyo," alisema akihema. "Kwani kuna nini?" Akapuliza, kama fundi anavyopuliza, kwa nguvu na bila sherehe.

Kijani iliwaka, jua likapita utosini, na ndani ya kitambuzi kufuli likasema ta. Mwanakombo alitazama kioo chake cha mkononi. Pumzi ya Subira binti Mshamu, fundi bomba, ilikuwa imefungwa kuwa pumzi inayotiiwa na Mapafu kwa miaka kumi.

Akacheka mpaka akakaa chini. Ingekuwa yeye aliyepewa kuchagua, asingepata mtu bora wa kushika hewa ya mji.

4

Hakuna aliyemtoa Mwanakombo nje ya kuba. Mkuu wa walinzi aliisoma ile sheria ya shaba, akawatazama wale mia moja na kitu walioivunja, akauliza kama kuna mwenye kofia za kutosha za kuwanyang'anya. Akaenda kunywa maji.

Lakini Salha alikuwa bado amesimama pale pale, hatua moja chini ya siwa.

"Ulinikataa," alisema Salha, Mwanakombo alipomfikia.

"Siwa ndiyo..."

"Siwa ni kufuli tu, si umeniambia? Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi," alisema Mwanakombo. "Nisamehe, Mwana. Ningefanya tena."

Salha akatikisa kichwa, ndiyo au hapana, haikujulikana. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Shehe Haruni alikuwa amewakaribia, mzee sasa, kofia mkononi.

"Tende ile niliitafuna mimi," alimwambia Salha. "Mama yako amelala kama maiti, na wewe unalia, na hapakuwa na mtu mwingine. Nilidhani nakutendea wema, mwanangu. Kumbe nilikufungia mlango."

"Ilikuwa tamu?" Salha alimwuliza.

"Tende?" Shehe akashangaa. "Ilikuwa tamu sana."

"Basi."

Subira alikuja akiwapasua watu, hasira bado haijamwisha. "Nimesikia mmenipa Mapafu," alisema. "Sawa, mabomba nayajua. Lakini wasinijie na kesi zao na mipaka yao na nani kamtukana nani, mimi nina mtoto wa siku tisa. Hilo litafutieni mtu." Akamfungua mtoto mgongoni. Tangu msiba, hakuna mtoto aliyepakwa tende katika Fungu Jekundu; wote walisubiri siwa iseme. Akamnyooshea Salha yule mtoto. "Huyu hajaonja ila maziwa. Mpake."

Salha akarudi nyuma. "Mpe Da Kombo. Au mpake mwenyewe. Nikimpaka mimi, siwa haitamjua maisha yake yote."

"Inaowajua tumejaa hapa hadi tunakanyagana," alisema Subira. "Aliyekataliwa mbele ya mji mzima asikimbie, nimemwona mmoja tu. Mpake, Malkia, mkono umenichoka."

Muuza mbaazi alikuwa na tende kwenye karatasi. Watu waliokuwa karibu walinyamaza, weupe na wa msikitini, wakatazama. Salha akachagua moja, akatoa kokwa, akaitafuna taratibu. Kisha akakaa kitako pale pale kwenye ngazi, akampokea mtoto, na mtoto akamnyonya kidole.